Siku yangu moja ya Februari: cherehani, bamia na jua la Kigamboni

Saa 11 na nusu alfajiri, adhana imeshatoka, natoka uani kabla hata ya kuwasha jiko. Kitu cha kwanza ni kidole. Nakichomeka mchangani karibu na shina la bilinganya hadi pingili ya pili. Juu pakavu, chini pana unyevu, basi hapa leo simwagii. Nahamia kwenye mchicha, kidole kinatoka kikavu chote. Hapo ndipo ndoo inapoanzia.

Nashona nguo barazani kwangu Kigamboni, na uani nina bustani ya hatua kumi kwa nane. Wiki hizi za Februari ndizo zinazonipima. Vuli imeisha, masika tunaitazamia Machi, na huu mchanga wetu haukai na maji: ukimwaga sasa hivi, baada ya saa moja unaulizana na mwenzio kama kweli ulimwaga.

Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi kidogo, ukiyaonja unaisikia ulimini. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa namwagia kidogo kidogo, asubuhi na jioni, nikiona ndiyo huruma. Udongo ukafanya ukoko mweupe juu, na majani ya maharage yakaungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kumbe maji hayakuwa yanafika popote. Yanapanda kuwa mvuke, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi. Siku hizi kila kitanda kinapata ndoo mbili nzima siku moja na kinaruka inayofuata, isipokuwa kidole kikisema vingine. Namimina shinani, polepole, maji yazame na chumvi ishuke nayo. Miche michanga naipa maji ya bomba niliyoweka akiba kwenye dumu. Maharage nimeyaacha kabisa, hayavumilii chumvi. Mchicha na spinachi vinavumilia.

Vitanda vyenyewe sijaviinua. Tuta la kuinuka ni la masika, linasaidia maji yasituame. Kiangazi kwenye mchanga linakauka pande zote, kwa hiyo nimechimba vitanda vikazama kiasi cha kiganja, maji yakija yanabaki humo humo.

Saa 2 nakaa kwenye cherehani. Kuna magauni sita ya sherehe ya Jumamosi, na mpaka saa 4 sinyanyui kichwa.

Saa 4 anakuja mteja kupimwa. "Shikamoo mama. Hii bamia yako mbona inang'aa hivi, unaipiga dawa gani?" Nikamwitikia marahaba, nikamshika mkono mpaka kwenye bilinganya. Nilichukua kipande cha karatasi nyeupe ya kuchorea mitindo, nikakiweka chini ya jani lenye madoa ya manjano, nikaligonga. Vikadondoka vitu kama vumbi la pilipili, na vumbi lile likaanza kutembea. Alishtuka. Ule ni utitiri mwekundu, na joto kavu kama hili ndiyo sherehe yake. Anakaa upande wa chini wa jani, ndiyo maana watu wanapiga dawa juu wiki nzima na hauponi hata mche mmoja. Nilimwonyesha ninavyofanya mimi: kuosha migongo ya majani kwa maji ya nguvu, na yale yaliyozidiwa kuyakata na kuyatoa nje ya ua.

Saa 7 mchana ndiyo saa ngumu kuliko zote. Matembele yamelala, majani ya maboga yameinama kama miavuli iliyofungwa. Mjukuu wangu karudi shule, kaona, kaenda mbio kuchukua ndoo. "Bibi, yanakufa!" Nikamwambia aiweke chini. Jani likiinama saa saba linajikinga na jua. Likiwa bado limeinama alfajiri, hapo ndipo lina kiu. Kisha nikamwambia aweke kiganja kwenye mchanga ulio wazi njiani. Aliukwapua mkono mara moja. Nikafunua makuti na nyasi kavu nilizotandaza chini ya bamia, nikamwambia aweke hapo. Aliacha mkono muda mrefu, akauliza kama kuna maji chini. Hakuna, ni kivuli tu. Ningekuwa na shilingi moja tu ya kutumia bustanini, ingeenda kwenye matandazo kabla ya mbolea na kabla ya dawa. Natumia makuti yaliyochakaa, nyasi, pumba za mpunga kutoka mashineni, unene wa vidole vinne, ila naacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze.

Wengi wananiuliza mbona sina nyanya. Nyanya kiangazi hapa pwani inatoa maua mazuri, halafu yanapukutika yote. Usiku wetu wa Februari mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24, na ua la nyanya linataka usiku wa baridi zaidi ya huo ili lishike tunda. Niliumia nalo misimu mitatu, nikadhani mbolea haitoshi, nikaongeza samadi ya kuku ambayo haijaoza. Iliunguza mizizi, nikapoteza na pilipili zilizokuwa jirani. Sasa mahali pale pana nyanya chungu na bilinganya, nyanya zinangoja masika yapite.

Saa 10 na nusu nafunika cherehani, nachuma. Bamia nazichuma siku moja ndiyo, moja siyo, zikiwa na urefu wa kidole. Ukiziacha zikomae zinakuwa nyuzi, na mti unajiona umemaliza kazi, unapunguza kuzaa.

Saa 12 jioni jua limepoa, napiga mwarobaini. Majani niliyatwanga jana, yakalala ndani ya maji usiku kucha, asubuhi nikayachuja kwa kitambaa na kuyeyushia kipande kidogo cha sabuni. Napiga jioni kwa sababu jua linaiua nguvu ya mwarobaini upesi. Mjukuu anainua jani, mimi napuliza mgongo wake, jani baada ya jani, mpaka giza linatukuta kwenye mche wa mwisho na yeye ameshika tochi ya simu mdomoni.