Ubao wa kitako cha bunduki Arusha: anza na shingo

Kitako cha raifo, yaani mbao yote inayobeba chuma, huvunjika shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Kwa hiyo ukiingia yadi za mbao za Unga Limited, achana kwanza na rangi na mawimbi ya nyuzi. Chora kitako cha zamani kwenye kadibodi, ukate kiolezo, kilaze juu ya ubao na ukizungushe mpaka nyuzi za mbao zifuate shingo kwa urefu. Zikiikata kwa mshazari na kutokea pembeni, mbao itachanika kwenye mstari huohuo bunduki ikipiga teke. Mawimbi yabaki upande wa begani, huko hayana madhara.

Kwa raifo ya kuwindia ya kawaida tafuta kipande chenye urefu wa sentimita 85, unene 6, upana 18 upande wa begani na 7 hivi upande wa mtutu. Unene ndio unaosumbua: mbili kwa nane ya dukani ni sentimita 5 kabla ya randa. Uliza mbao iliyopasuliwa inchi tatu. Ikikosekana, gundisha mbili kwa epoksi, nyuzi zikielekea upande mmoja. Si aibu, kitako cha kubandika kikifanywa vizuri hakipindi ovyo.

Ulaya na Marekani hutumia mjozi (walnut), wenye kilo kama 650 kwa mita ya ujazo. Mninga wetu unaukaribia kwa uzito na hunywea kidogo sana ukikauka, basi ndio chaguo la kwanza. Chukua kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ni chakula cha wadudu. Mkongo ni mzito zaidi, na kwa raifo ya risasi kubwa kama .375 H&H uzito huo ni faida begani. Mvule unafaa, ila huficha vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali ya randa, na vumbi lake linawasha: vaa barakoa. Mpingo unazama majini, nani ataubeba siku nzima porini? Paina iache kwenye kenchi, kwa sababu skrubu zikikazwa inabonyea na chuma kinaanza kucheza.

Neno la muuzaji kwamba "imekauka" lisikutoshe. Kata kipande kidogo, si cha nchani, ukipime kwenye mzani wa gramu, kikaushe kwenye oveni kwa joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 56 kikafika 50, maji yalikuwa asilimia 12; hapo unaweza kuchonga. Mbichi huchukua kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ncha zikiwa zimepakwa nta au rangi ili zisipasuke.

Dai risiti, na kama mbao inatoka mkoa mwingine, hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bunduki yenyewe usimwachie seremala: anapewa kiolezo na mbao, chuma anakiingiza fundi wa silaha mwenye leseni. Mkumbushe aache nafasi ya milimita moja hivi nyuma ya mkia wa chuma, juu ya shingo. Mkia ukigusa mbao, kila risasi inaupigilia kama kabari, na hata mninga wenye nyuzi zilizonyooka utapasuka.