Safari ya Nansio ya Mtafiti wa Modeli za Bahari

Meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, iling'oa nanga Mwanza mchana wa Novemba, vuli ikiwa imekolea, na punde tukaliacha nyuma Jiwe la Bismarck pamoja na nyumba zilizotundikwa juu ya miamba ya mjini. Kazi yangu ni kutunga na kuendesha modeli za kihesabu za bahari na tabianchi, na nilisafiri kwa sababu nilitaka kuliona kwa macho Ziwa Victoria, ambalo katika modeli nyingi za dunia ni kama halipo.

Modeli ya aina hii huigawa dunia katika visanduku, na katika kila kisanduku kompyuta hukokotoa joto, unyevu, upepo na mikondo ya maji kwa kufuata kanuni za fizikia, hatua kwa hatua. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliieleza njia hiyo kitabuni mwaka 1922, kabla ya kuwapo kompyuta, na mwaka 1969 Syukuro Manabe na Kirk Bryan, wakiwa Marekani, waliunganisha modeli ya anga na ya bahari kwa mara ya kwanza. Leo modeli nyingi za dunia nzima bado zina visanduku vyenye upana wa kilomita 100 hivi, ilhali Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Visanduku saba vinatosha kulifunika lote. Ghuba ya Speke haionekani, na Ukerewe, kisiwa chenye watu, mashamba na shule, kinatoweka. Kupunguza upana wa kisanduku kwa nusu huongeza kazi ya kompyuta takriban mara nane, kwa kuwa visanduku huongezeka pande zote mbili na hatua za muda nazo hulazimika kuwa fupi zaidi.

Nansio tulifika salama. Jioni, mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nilimwamkia nahodha mmoja mzee wa mtumbwi wa dagaa, naye akanikubalia kutoka nao, maana lilikuwa giza la mwezi na kazi ilikuwa imechanganya. Taa za wavuvi zilipokwisha kuwashwa, niliteremsha kamba yenye vipimajoto. Maji ya juu yalikuwa na nyuzi 26 na ushei, na ya chini yalipungua kwa nyuzi mbili hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini katika maji ya joto kama haya inatosha kuyatenga matabaka, hewa ya oksijeni isifike chini kwa urahisi, hadi Juni na Julai pepo za kusini mashariki zinapoyapoza na kuyachanganya maji yote. Modeli isiyolijua hilo haiwezi kukokotoa vizuri mvuke unaopanda kutoka ziwani.

Baada ya usiku wa manane umeme ulianza kupiga magharibi.

"Mwanangu, ukiuona ule, nao upepo wa nchi kavu umeshaanza, usingoje ngurumo. Geuza chombo," alisema mzee.

Alichokisema ndicho kinachotokea angani. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake, hewa huvuma kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati na kupanda ikiwa imebeba mvuke. Ndiyo maana dhoruba za ziwani hupamba moto usiku na alfajiri. Nilipomweleza habari ya visanduku vya kilomita 100, alifikiri kidogo, akaniambia kwamba basi nyavu zetu watafiti ni za sangara, samaki mkubwa, na mvua ya ziwani ni dagaa. Sijapata kusikia tatizo letu likielezwa vizuri kuliko hivyo. Modeli zenye visanduku vya kilomita 4 hivi huanza kuyaonyesha mawingu haya yenyewe.

Bahari nayo haiko mbali na mwalo huu. Mvua huleta takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani, na vuli hutegemea sana Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa, Afrika Mashariki hunyeshewa kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na ndivyo ilivyokuwa tena mwishoni mwa 2019. Mzee anaikumbuka vizuri 2020, maji yalipoingia katika vibanda vya wavuvi. Kuhusu masika, modeli nyingi zinasema itaongezeka, ilhali vipimo vinaonyesha ilipungua kati ya miaka ya 1980 na mwishoni mwa miaka ya 2000. Naamini kwa dhati kwamba fumbo hilo linawahitaji vijana wa hisabati waliokulia kando ya ziwa hili.

Asubuhi, dagaa wakianikwa, nilimwuliza mzee angependa kupata nini kutoka kwetu. Alisema onyo likitangazwa saa 3 usiku halimfai kitu, kwa sababu vyombo huondoka saa 11 jioni. Kwa hiyo hesabu lazima ianze na vipimo vya alfajiri, na jibu liwe limefika redioni kabla ya saa 9 alasiri. Niliandika saa hizo katika daftari la kazi, juu kabisa, kabla ya maelezo ya visanduku.