Nyuki wangu walikufa Agosti, nikawazoa Machi

Mjomba alidhani namtania. Nilimpigia Sikonge, mkoani Tabora, saa sita mchana wa huku Minnesota, kwao tayari saa mbili usiku, baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia nimefungua mizinga yangu miwili na hakuna nyuki hata mmoja aliye hai.

"Wamehama," akasema.

"Hawajahama, mjomba. Wamo humo humo ndani, wamekufa."

"Wote?"

"Wote."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna jirani aliyewapulizia dawa.

Ilikuwa Machi 2019. Mtu aliyekulia Tabora ataelewa mshangao wake. Kwetu mzinga mtupu si msiba. Umetundika mzinga wako wa gome la myombo, ukapita siku moja ukaona hakuna anayeingia wala kutoka, unajua maua yamekwisha na wenyewe wameenda kuyatafuta kwingine. Unausafisha, unapaka nta kidogo ndani ili unukie, unaondoka. Msimu ukirudi kundi jingine litaingia bila kualikwa. Mjomba ana mizinga zaidi ya mia na hajawahi kununua nyuki maishani mwake. Nilipomweleza kwamba huku nyuki huuzwa kwa uzito, kilo moja na nusu hivi kwenye kiboksi cha wavu pamoja na malkia, na kwamba makundi mawili yalinigharimu zaidi ya dola 300, alicheka mpaka simu ikakatika. Hata sijui kama ni mtandao au aliikata mwenyewe.

Mimi lawama yote niliipa baridi. Januari ile tarehe 30 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo wake ulikuwa wa kukausha machozi machoni. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi ile gari lilikataa kuwaka, na nikiwa nimesimama pale kwenye maegesho wazo langu lilikuwa kwa nyuki. Nikasema, kama chuma kimeshindwa, mdudu atawezaje?

Kumbe mdudu anaweza. Nyuki wa huku hawalali usingizi wa msimu mzima wakati wa baridi. Hujikusanya kama mpira, malkia katikati, na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Hilo ndilo jiko lao, na kuni zake ni asali. Kukiwa na majana, yaani watoto wa nyuki, katikati ya mpira ule huweza kufika nyuzi 35 huku nje kila kitu ni barafu. Walio pembeni huingia ndani kuota moto, wa ndani hutoka, na mpira mzima hupanda taratibu ukifuata asali ya juu. Ndiyo maana huku kundi huachiwa kilo 40 hivi za asali yake lenyewe. Mimi niliwaachia. Mizinga ilikuwa mizito hata Machi ile.

Uzito huo ndio uliomtia shaka mzee mmoja mkulima aliyeniazima kona ya shamba lake, mfugaji nyuki wa miaka mingi. Alichomoa fremu, ile ya mbao inayoshika sega, akaitazama asali iliyobaki, akatazama nyuki waliokufa. Walikuwa konzi mbili tu, si kundi. Akainua fremu juani na kunionyesha vidoa vyeupe kwenye dari za vyumba vya majana, kama chembe za chumvi. Kinyesi cha utitiri. Baadhi ya nyuki walikuwa na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. "Hawa walishakufa Agosti," akaniambia.

Agosti! Mwezi ambao nilikuwa nimerina kilo 25 na kujaza picha za mitungi kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo.

Utitiri huu, varroa, ni wa ukoo mmoja na ule wa kuku, mwekundu wa kahawia, ukubwa wa kichwa cha pini. Asili yake ni nyuki wa Asia, ambao wamezoeana nao. Marekani ulionekana mara ya kwanza 1987, huko Wisconsin, jimbo la jirani yetu. Huzaliana ndani ya vyumba vya majana vilivyofunikwa na hueneza virusi vinavyoharibu mabawa. Mwaka ule ule nilipofiwa, mtafiti wa wadudu Samuel Ramsey na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chakula chake kikuu ni mafuta ya mwili wa nyuki, si damu kama ilivyoaminika miaka mingi. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mzee. Nyuki wa kiangazi huishi wiki tano au sita. Wanaolelewa kuanzia mwisho wa Agosti huzaliwa wanene, na mafuta hayo ndiyo yanayowawezesha kuishi miezi mitano hadi sita mpaka maua ya kwanza. Utitiri ukiwala wakiwa bado majana, wanatoka wembamba, wanakufa Novemba na Desemba mmoja mmoja, na wanaobaki ni wachache mno kuwasha lile jiko. Baridi inakuja kumalizia tu.

Siku hizi nahesabu. Nusu kikombe cha nyuki, kama 300, unawatikisa kwenye spiriti na utitiri unadondoka. Ukipata tisa, yaani watatu kwa kila nyuki mia, umeshachelewa. Mara yangu ya kwanza nilipata 21. Kuua nyuki 300 ili uwaokoe waliobaki bado hunichoma roho, na jambo hilo sijamweleza mjomba.

Swali aliloniuliza baadaye ndilo lililonikalia kichwani: mbona wa kwetu hawafi? Utitiri huo upo Tanzania na Kenya, ulitangazwa 2009. Mizinga ya mjomba haitiwi dawa yoyote, na nyuki wapo. Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ni ile ile anayoiona kila mwaka bila kuipa jina. Nyuki wetu huhama. Wakihama huacha majana nyuma, na utitiri ulio ndani ya majana unaachwa na njaa yake. Huku mfugaji hukaa mwaka mzima akizuia nyuki wasiondoke, kisha hununua dawa ya kufanya kazi ambayo kuondoka kungeifanya.

Wenzangu kazini wameniuliza kwa nini nisilete nyuki wa kwetu. Nawaambia walishaletwa upande huu wa dunia: 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika kwenda Brazil, mwaka uliofuata baadhi wakatoroka na makundi yao, na ndio hao wanaoitwa nyuki wauaji. Texas walifika 1990. Minnesota hawajaja, na kwa baridi hii siwalaumu.

Mwaka wangu wa pili niliua utitiri lakini nikapoteza mzinga kwa unyevu. Pumzi ya nyuki hupanda, hugonga mfuniko wa baridi, na hurudi kama matone kichwani mwao. Sasa naweka kisanduku cha maranda ya mbao juu, na tundu dogo la kupitishia hewa. Wala sijidai fundi. Msimu wa 2024 hadi 2025 wafugaji wakubwa wa Marekani, wale wenye malori ya kupeleka nyuki kwenye mashamba ya lozi ya California, walipoteza kwa wastani asilimia 62 ya makundi yao, na wachunguzi wa serikali walikuta virusi pamoja na utitiri uliozoea amitrazi, dawa ya kuuulia. Dawa hiyo nilikuwa naitumia mimi pia. Siku hizi hutia dawa nyingine, asidi ya oksaliki, Novemba, majana yakiwa yameisha.

Februari hii nilipiga magoti kwenye theluji nikaweka sikio kwenye mzinga. Mngurumo mdogo, kama friji ya chumba cha pili. Nikaurekodi kwa simu, nikamtumia mjomba.

Akajibu kwa sauti: "Hao wapo. Mbona sasa hawahami?"

"Waende wapi, mjomba? Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri."

"Basi wafunike."

Nimewafunika. Mizinga ninayo minne, na mitatu ilikuwa inanguruma. Ule wa nne nilikaa nao muda mrefu, sikio likafa ganzi. Nitaufungua Machi.