Choo kisichoonyesha bomba: nilivyokifunga mwenyewe

Nyuma ya choo chetu cha zamani kulikuwa na kauchochoro ambako ufagio haufiki. Nywele, vumbi, mende. Siku nilipoona Kariakoo choo cha kukaa kinachogota ukutani, mabomba yote yamefichwa tumboni mwake, nililipa hapo hapo. Fundi wa mtaani alikizunguka mara mbili. "Dada, hapa mkono haupiti." Akaahidi kurudi Jumamosi, hakusema ipi. Nikamwita mdogo wangu.

Tulipima kwanza. Tundu la kutolea uchafu lilikuwa sentimita 18 kutoka sakafuni hadi katikati yake, na bomba la inchi 4 ukutani lilikuwa 14. Aliyelitega alipima kutoka kwenye zege. Skridi, yaani tabaka la saruji linalolaliwa na vigae, pamoja na vigae vyenyewe vikaja kula sentimita 4. Muuza duka akanipa kola ya mpira ya kuunganisha tundu na bomba, iliyopinda, mdomo mmoja juu ya mwingine. Afadhali bomba lilikuwa chini ya tundu. Lingekuwa juu, uchafu ungelazimika kupanda mlima.

Tulikiweka choo mahali pake bila kufunga chochote, tukachora ukingo wake kwa penseli, tukakitoa na kupigilia sakafuni vyuma vya pembe vya kukishikilia choo, ndani ya mstari. Kwenye kigae nilibandika selotepu ili drili isiteleze, na sikuwasha mapigo ya nyundo mpaka kigae kilipotoboka.

Kazi yenyewe ilikuwa maji. Ukishakisukuma choo, koki huioni tena. Basi tulifunga paipu ya kunyumbuka kwenye tanki mapema, tukakiacha choo kama sentimita 20 kutoka ukutani, nikalala ubavu nikafunga ncha ya pili kwenye koki. Kola nikaipaka sabuni ya vyombo. "Sukuma, lakini polepole!" Kikaingia vizuri mno. Tukafungua maji: tanki likajaa kwa mwendo wa kinyonga. Paipu ilikuwa imejikunja nyuma huko.

Tukakivuta tena. Kizito kile, mdogo wangu hakunisemesha kwa muda. Safari hii niligeuza mdomo wa koki utazame pembeni badala ya mbele, paipu ikapata nafasi ya kuzunguka. Na kwa kuwa koki ya ndani haifikiki bomba likipasuka usiku, nilikata njia ya maji na kuweka koki nyingine karibu na mlango. Ndiyo shilingi niliyoitumia kwa moyo mweupe kuliko zote.

Kabla ya silikoni, ile gundi ya kuziba ukingo, nilitandika tishu kavu kuzunguka choo, tukaflashi mara kumi. Zikabaki kavu. Silikoni nikapaka mbele na ubavuni tu, nyuma nikaacha upenyo wa kidole: maji yakivuja yatokee nje niyaone, yasijifiche chini ya kigae.

Mwezi mzima kila asubuhi nilichomeka kipande cha tishu kwenye upenyo ule. Mume wangu akiniuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" namwonyesha tishu.