Ukuta wa Majani ya Mchikichi

Mama alipotoka hospitali nilimwandalia chumba cha mbele, hapa Ujiji. Kuta nyeupe tupu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, basi. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, humu nahisi bado nimelazwa."

Neno lile lilinikaa. Nikakumbuka utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, kuhusu hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa penye dirisha lenye miti waliruhusiwa mapema, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Dirisha letu siwezi kulihamisha. Ukuta naweza kuushughulikia.

Nikakata kuti changa la mchikichi nyuma ya nyumba, nikalichonga miiba, nikalipaka rangi ya kijani na kuligandamiza ukutani. Mara ya kwanza rangi ilichuruzika hadi sakafuni. Ya pili nikaikausha brashi kwanza, alama ikatoka safi: uti katikati, vijani vimepangana kushoto na kulia, havilingani hata viwili. Uzuri uko hapo hapo. Maua ya mapazia ya dukani hujirudia yaleyale mpaka jicho linachoka.

Chini nikatandika mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau, aliousuka mwenyewe zamani.

Sasa asubuhi namkuta amegeukia ukutani, kidole kinafuata uti wa jani polepole hadi nchani. Jana ameomba tuchape na jani la mgomba.