Paa lililoshushwa, mkia ulionyanyuliwa

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari, na jicho langu limezoea kutafuta mstari uliopinda. Ndiyo maana picha za Ford Galaxie ya njano namba 26, iliyokimbia Atlanta tarehe 7 Agosti 1966, zimenishika na haziniachii. Katika gari lile karibu kila mstari umepindishwa kwa makusudi. Mstari wa ubavuni unateremka kuelekea mbele. Boneti imeinama, mkia umenyanyuka, kioo cha mbele kimelazwa, na paa limeshuka mpaka madirisha ya pembeni yamebaki membamba. Watu walilipa jina la Yellow Banana, Ndizi ya Njano. Dereva alikuwa Fred Lorenzen, mwenye gari Junior Johnson.

Lile lilikuwa shindano la NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, na katika mbio zake, kwa jina, magari yalitakiwa kuwa yale yale anayoyanunua mtu wa kawaida dukani. Injini yenye nguvu zaidi, shasi iliyoimarishwa, hayo yalikubalika kwa mipaka yake. Lakini sura ya gari ilitakiwa ibaki ya kiwandani. Nimeyaona maandishi mengi yanayomwita Johnson mlaghai na kuishia hapo. Mimi naangalia lile bati na kuona mtu aliyeuelewa upepo kabla ya waliokuwa wanaandika sheria, na ninaandika hapa kwa sababu ujuzi huo haupewi heshima yake.

Johnson alitoka Wilkes County, North Carolina, ambako familia yake ilipika pombe ya magendo na yeye akaisafirisha usiku kwa magari yenye mbio. Mwaka 1960 alishinda Daytona 500, mbio kubwa za NASCAR huko Florida, akiwa na Chevrolet iliyozidiwa kasi na Pontiac za wapinzani. Alichofanya ni kujibana nyuma ya gari lenye kasi, akaona kwamba pale nyuma hewa imeshapasuliwa na gari lake linakwenda kuliko uwezo wake. Mtu aliyejifunza jambo hilo akiwa kwenye usukani, sishangai kwamba miaka sita baadaye, akiwa sasa ni mwenye timu, alichukua msumeno akaanza na paa.

Hesabu yenyewe ni kali. Nguvu inayohitajika kuusukuma upepo hukua kwa mchemraba wa kasi. Ukitaka kutoka maili 170 kwa saa hadi 180, ukihesabu upepo peke yake, unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 19. Kuipata nguvu hiyo kutoka kwenye injini ambayo tayari imekamuliwa ni kazi ya miezi. Kumbe ukipunguza eneo linalokabiliana na upepo, na ukazuia hewa isiingie kwa wingi chini ya pua, unaipata kasi kwa koleo, nyundo na mtungi wa gesi. Mkia ulionyanyuka nao unafanya kazi yake: hewa inayopita juu ya paa inakutana na ukingo wa juu, na magurudumu ya nyuma yanakandamizwa chini kwenye kona.

Kuna kitu kimoja nataka mafundi wenzangu wakitazame. Ukikata nguzo za paa ili ulishushe, kioo cha mbele kinakuwa kirefu kuliko nafasi yake, na kioo hakikatwi kama bati. Njia ya kutokea ni kukilaza. Kioo kile kile, kikilala zaidi, kimo chake kinapungua, na papo hapo upepo unateleza juu yake kwa urahisi. Nikiitazama Galaxie ile naona shida mbili zilizotatuliwa kwa mkato mmoja. Tatizo linalobaki ni kwamba nguzo za mbele na za nyuma zimeinama pande tofauti, kwa hiyo paa likishuka pembe zake hazikutani tena na nguzo. Hapo lazima ukate tena, uunge, uchomelee, usawazishe. Haifanyiki kwa pupa.

Watu huuliza ilipitaje kwenye ukaguzi. Jibu linahusu tiketi. Ford ilikuwa imesusia sehemu kubwa ya msimu huo kwa ugomvi wa sheria za injini yake mpya, na mashabiki wa Ford waliacha kuja viwanjani. Lorenzen alikuwa kipenzi cha umati, na NASCAR ilimhitaji. Wakati huo huo Dodge ya Cotton Owens, mwenye timu mwingine, ilikataliwa kwa sababu ilikuwa na kifaa cha kuishusha pua kutoka ndani ya gari, na Owens akaondoka kwa hasira. Namwelewa kabisa. Kukataa kifaa kilichofichwa na kupitisha paa lililokatwa mbele ya macho ya kila mtu hakukuwa haki. Lorenzen aliongoza kwa muda, kisha akagonga katika mzunguko wa 139, na Richard Petty akashinda. Johnson akaambiwa asilirudishe gari lile tena.

Kwenye mbio hizo hizo aliyeanza nafasi ya kwanza alikuwa Curtis Turner, ndani ya Chevrolet Chevelle nyeusi na dhahabu namba 13, kazi ya Smokey Yunick wa Daytona Beach. Hili ndilo gari ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukilitazama kwa haraka huoni kitu. Johnson alikata na kupinda waziwazi. Yunick alifanya mambo madogo mengi. Vioo viliwekwa sawasawa na bati ili upepo usipate ukingo wa kushika. Bampa zilisogezwa zikabana na mwili wa gari. Vijifereji vya maji juu ya milango vilipunguzwa. Chini ya gari, mahali ambapo mashabiki hawaoni, palilainishwa. Na bodi nzima ilisogezwa nyuma kidogo juu ya shasi, kwa ajili ya mgawanyo wa uzito.

Hadithi iliyoenea ni kwamba Yunick alijenga Chevelle ndogo, saba ya nane ya ukubwa halisi. Si kweli, na nadhani inamdhulumu. Kulipunguza gari zima ingekuwa hila moja kubwa. Alichofanya kinahitaji mkono uliotulia na jicho linalojua kila mahali upepo unapokwama. Februari 1967 Turner aliipeleka Chevelle ya Yunick Daytona kwa maili 180.831 kwa saa, yaani karibu kilomita 291, akachukua tena nafasi ya kwanza ya kuanzia. Lilikuwa gari la kwanza kuvuka 180 katika mchujo wa mbio zile, na General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, kwa kauli rasmi haikuwa hata kwenye mashindano. Siku ya mbio injini ilikufa, na Mario Andretti akashinda kwa Ford.

Na kwa kuwa nimemtaja Yunick, siwezi kuliruka bomba la mafuta. Inasimuliwa kwamba aliweka bomba lenye urefu wa futi 11 na upana wa inchi 2, likabeba galoni tano za ziada, na kwamba wakaguzi walipolitoa tangi la gari lake yeye aliliwasha akaondoka nalo bila tangi. Nimekaa na kalamu. Bomba la vipimo hivyo linabeba lita 6.8 hivi, ambazo hazifiki hata galoni mbili. Galoni tano hazimo. Lakini lita 6.8 zinatosha kabisa kulifikisha gari la mbio gereji iliyo mji ule ule, kwa hiyo sehemu ya pili ya kisa bado inawezekana.

Baada ya mambo hayo NASCAR ilileta vigezo: vipande vilivyokatwa kwa umbo la gari la kiwandani, vinavyowekwa juu ya bodi ili nafasi iliyo kati ipimwe. Mimi navitazama kwa heshima, maana kila kigezo kilichoongezwa kinaonyesha mahali ambapo fundi fulani alikwisha kufika. Ukaguzi umeendelea kukaza tangu hapo. Julai 2022 dereva Denny Hamlin alinyang'anywa ushindi wa Pocono kwa sababu ya vipande vya utepe mwembamba vilivyokutwa kwenye pua, chini ya karatasi ya rangi. Tangu 1960 hakuna mshindi wa ngazi ile ya juu aliyekuwa ameondolewa hivyo. Utepe tu! Galaxie ya Johnson ingezuiwa getini.

Viwanda navyo vilijifunza, na ujanja wake ulikuwa wa kuipindisha sheria kwa kuitii. Kama lazima gari liuzwe dukani, basi waliuza dukani lile umbo walilolitaka kiwanjani. Dodge Charger Daytona ya 1969, yenye pua ya mchongoko na bawa refu nyuma, inajulikana na kila mtu; dereva Buddy Baker aliizungusha kwenye uwanja wa Talladega kwa maili 200.447 kwa saa mwezi Machi 1970. Bawa lile hupigwa picha sana. Mimi ninayoikubali zaidi ni Ford Torino Talladega ya mwaka huo huo wa 1969. Pua ilirefushwa na grili ikaletwa mbele ikawa sawa na bati, hilo linaonekana. Lisiloonekana liko chini ya milango. Urefu wa gari kutoka ardhini ulipimwa kutokea kwenye bati la pale chini, kwa hiyo Ford walilikata na kulikunja upya, likawa juu zaidi kwa takriban inchi moja. Kipimo kikabaki halali, na gari zima likakaa chini kwa inchi hiyo moja. David Pearson alichukua ubingwa wa 1969 na gari hilo.

Sasa hivi nachora ubavu wa Galaxie ya kiwandani ya 1966 na ule wa Yellow Banana kwa kipimo kimoja, karatasi moja juu ya nyingine, magurudumu yakiwa ndiyo alama ya kuanzia. Sehemu ya mbele nimeridhika nayo. Nyuma bado panasumbua, kwa sababu picha nyingi zimepigwa kwa pembe na mkia unadanganya kimo. Mwenye picha nzuri ya ubavu mtupu, gari likiwa limesimama, naomba aniandikie.