Huyu hela anatoa wapi? Maoni yangu ya muvi na tamthilia kutoka kwenye cherehani

Mi muvi naangalia nguo kwanza. Kabla sijajua stelingi nani na adui nani, nishaangalia kola imekaaje, pindo la suruali linagusa kiatu au linaburuza, gauni limeshonwa au limetoka mtumbani, af ndo nakaa kusikiliza stori. Ugonjwa wa kazi huo. Nashona hapa Mtwara mjini, tivii ipo juu ya meza ya kukatia, inawaka toka nafungua mpaka nafunga, labda umeme ukatike (na watu wa huku tukianza habari za umeme kukatika wakati gesi inatoka hapohapo Mnazi Bay, leo hatumalizi). Nguo nikishazikagua linabaki swali moja tu ambalo wateja wangu washalichoka: huyu mtu hela anatoa wapi?

Hapo ndo tunapogombana na Bongo muvi. Jumba la ghorofa, geti linafunguliwa na mlinzi, gari mbili uwanjani, dada wa kazi analeta juisi kwenye trei, na baba mwenye nyumba yupo sebuleni saa nne asubuhi kavaa suti. Suti jamani! Saa nne asubuhi upo sebuleni na suti unagombana na mkeo, sa kazini unaenda saa ngapi? Ukiuliza unaambiwa ni mfanyabiashara. Biashara gani? Hamna anaejua, hata yeye hajui, ye anapigiwa simu tu anasema "ule mzigo umefika" basi. Af tunaenda kijijini, mama kafiwa na mume, analia shambani, kitenge alichojifunga bado kina alama za kukunjwa dukani, hakijaona maji hata siku moja. Mi hapo nishatoka kwenye stori, nafikiria bei ya kitenge.

Sisemi zote mbovu, na marehemu Kanumba, yule mwigizaji, namheshimu sana maana yule alikuwa anajituma, alivyofanya Dar 2 Lagos mwaka 2006 na Wanigeria alifungua mlango ambao ulikuwa haujulikani kama upo. Ila maoni yangu ni kwamba mlango huohuo ndo uliingiza yale majumba. Tukaona Wanigeria wanagombania urithi kwenye masofa ya dhahabu na sisi tukataka masofa. Alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, walilia mpaka watu wa huku Kusini ambao hajawahi kuwajua. Mi nilichokuwa nakisubiri kwake ni ile muvi ya ukubwani, ambayo angecheza mtu mwenye kazi ya kueleweka, naamini angeiweza. Na ule mtindo wa kukata muvi moja ikawa part one na part two ili tununue dividii mbili, huo sijausamehe mpaka leo, unafika mwisho wa sahani ya kwanza stelingi anafungua mlango tu, anashangaa, imeisha.

Kati ya za kwetu, iliyoniweka kitako ni Siri ya Mtungi, ile iliyoanza kuonyeshwa 2012. Najua ilikuwa na hela za Wamarekani na nia ya kufundisha mambo ya UKIMWI na afya, na kuna sehemu unaona kabisa sasa tunafundishwa, ila nani anajali, maana Cheche, stelingi wake, ana studio ya picha! Studio ipo Bagamoyo, wateja wanaingia, wanapozi, wanalipa au wanakopa, na matatizo yake yote ya mapenzi yanapita mlemle studio. Mtu akiwa na kazi hata akifanya ujinga unamwelewa, unajua kaponzwa na nini, unajua kesho asubuhi lazima afungue mlango apende asipende.

Sasa Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na mkewe Hurrem. Hii tulivyoletewa na Azam kwa Kiswahili mi nilipata uhai, kwa sababu mtu wa cherehani anaangalia tivii kwa masikio. Siwezi kusoma maandishi chini huku sindano inakimbia, nitashona kidole. Kwahiyo tamthilia ya kuingiziwa sauti kwangu sio anasa, ndo inayofanya niijue stori. Kuna watu wanalalamika eti mdomo hauendani na sauti, kaka yangu, we unaangalia mdomo wa nini wakati Hurrem anapanga fitina?

Nguo za mle ndani nimezipigia magoti. Yale mahameli, zile darizi za kifuani, mikono mirefu ya kufunika kiganja. Kulikuwa na kipindi kila bibi harusi anakuja na picha ya Hurrem kwenye simu anataka "kama hii fundi", anataka kwa satini ya bei rahisi, na kifua kifunikwe. Hapo kwenye kifua hata Waturuki wenyewe walisema, Erdoğan akiwa waziri mkuu mwaka 2012 aliisema tamthilia hiyo hadharani, kwamba Suleiman halisi maisha yake kayamaliza juu ya farasi vitani, sio kwenye vyumba vya wanawake. Ana hoja, maana yule bwana alitawala toka 1520 mpaka 1566 na akafia kwenye msafara wa vita. Lakini mi nikaona kitu kingine kwenye tamthilia hiyohiyo ambacho watu wanakipita tu: Sultani ni sonara. Anakaa na vifaa vyake, anatengeneza pete ya zumaridi kwa mkono wake, na pete hiyo ndo inakuja kuwasha moto mle ndani. Na ni kweli, masultani wale walikuwa wanafundishwa fani ya mkono, Suleiman fani yake ilikuwa ufuaji dhahabu. Nilivyoona vile nikawaambia wateja, mnaona, mwenye dunia nzima ana benchi lake la kazi, af mnaniletea tajiri wa Mbezi Beach asiejua anauza nini.

Kasoro yake ni urefu tu. Episodi 139 za Waturuki, na za kwao moja ni kama muvi nzima, zikikatwakatwa huku unaanza kuangalia una mimba unamaliza mtoto anaenda chekechea. Kuna mahali katikati pale watu wanatembea tu kwenye korido. Korido, mlango, kuinama, korido.

Mdogo wangu wa kiume alishawahi kuniletea Breaking Bad kwenye flashi, nikamwambia hii ya Kizungu na sabtaito siiwezi, akasema dada angalia episodi ya kwanza tu. Nikaiangalia Jumapili, cherehani imefunikwa. Mwalimu wa kemia, mshahara hautoshi, akitoka shule anaenda kuosha magari, na siku moja anainama kusugua tairi la gari la mwanafunzi wake mwenyewe, mwanafunzi anamcheka. Aisee. Nani huku hamjui mwalimu mwenye duka, mwenye bodaboda, mwenye kuku wa kisasa nyuma ya nyumba? Hapo hata sijafika kwenye ugonjwa na madawa ya kulevya nishamwelewa. Na hela zinahesabiwa mle, yani unaona zinavyoingia, zinavyokuwa tatizo, mpaka mkewe anakuwa na lundo limefika kiunoni na hajui tena ni kiasi gani. Af kuna ndugu wa mkewe, Marie, kila siku zambarau, gauni zambarau, pochi zambarau, mpaka nyumbani kwake zambarau, mi nilimpenda bure, fundi aliefanya vile alikuwa na akili. Kwangu hii ndo namba moja ya nje.

Squid Game ya Wakorea, msimu wa kwanza mzuri, watu 456 wenye madeni na traksuti za kijani, inaeleweka bila hata kuisoma. Wa pili umevutwa, wa tatu nimemalizia kwa sababu nilishaanza.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji nayo nina neno. Kitabu cha Adam Shafi tulikisoma shule kwa ajili ya mtihani, yani tulikisoma vibaya, kutafuta dhamira na tamathali za semi. Muvi yake ya 2021, ile iliyoenda mpaka Toronto, imenirudishia Yasmin kama mtu, binti wa Kihindi kaozwa kwa mzee, anakimbia, anaangukia kwa Mwajuma. Unguja ya enzi za mkoloni, kanga, taarabu, giza la vichochoroni, imepigwa vizuri mno. Ni ya polepole na nimeona mtu kaangalia akapitiwa na usingizi hapo kwenye benchi, sio ya kuangalia huku unakata kitambaa. Ila watu wanaosema hatujui kupiga picha waionyeshwe kwanza, tuongee baadae.

Kuna jambo linaniudhi kuhusu komedi zetu na nalisema kama mtu wa Kusini. Mmakonde akitokea kwenye muvi ni mlinzi. Getini, rungu mkononi, anaongea lafudhi ya kuchekesha, anafukuzwa. Mwaka nenda rudi. Nacheka wakati mwingine, sikatai, kuna waigizaji wanaijua hata kuliko sie wenyewe, lakini yule mlinzi hajawahi kufunga geti akarudi kwao Newala tukamwona ana shamba, ana wake, ana kesi ya mipaka na shemeji yake, ana kijana anaeenda jando mwaka huu na hela ya sherehe hajapata. Hiyo stori ipo nyuma ya kila geti la Dar na kamera haijawahi kuifuata.

Na hapa ndo nawaletea muvi ya Kihindi, mnivumilie. Mother India, ya 1957, ya Mehboob Khan, Nargis ndo mama. Mama yangu mkubwa aliijua nyimbo zote bila kujua neno moja la Kihindi. Mwanzo wa balaa lote mle ni mkopo, rupia 500 za harusi zilizochukuliwa kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, wazee wa kijiji wanakaa kikao wanaamua kila mavuno robo tatu yaende kwake kama riba. Robo tatu! Bangili za mama zinaenda rehani, shamba linaenda, mume anakatika mikono na jiwe anaondoka kwa aibu asirudi. Nilivyoiweka hapa dukani wakawepo wakina mama wawili wa Tandahimba wanasubiri sare za watoto, hawakuuliza huyu Sukhilala ni nani. Walimjua. Kwetu anakuja miezi ile ya njaa korosho zikiwa bado maua, anakupa hela kidogo ya kula na ya ada, msimu ukifika anakuja na gari kuchukua mzigo kwa bei aliyoipanga yeye. Biashara hiyo ndo kangomba. Imepigwa marufuku miaka na miaka, na mwenye njaa haulizi marufuku. Mmoja akasema huyu wa Kihindi afadhali, wetu anakuja na salamu na sukari kilo mbili.

Tuligombana kuhusu mwisho. Mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa Birju, aliegeuka jambazi, kwa sababu kamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Wakina mama wakasema haki, binti wa watu kakosa nini. Mi nikasema sawa, ila mbona huyo mama ndo kila siku anaelipa, kalipa bangili, kalipa mume, sasa analipa na mtoto. Zile sare zilichelewa siku hiyo.

Kwahiyo nataka kuona muvi ya korosho. Sio dokumentari ya wizara, muvi, ya saa mbili na wimbo. Iwe Novemba 2018, wakulima wamegomea bei ya mnadani, Magufuli anatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yanaingia kwenye barabara za vumbi za Masasi na Newala, wanajeshi wanabeba magunia. Af uhakiki unaanza. Unaulizwa shamba lako lipo wapi, mikorosho mingapi, na mwenye mzigo mkubwa kuliko shamba lake anatokwa jasho. Kuna alielipwa akanunua bati, kuna aliekaa miezi anasubiri, kuna mnunuzi wa kangomba kajificha na mkulima aliekula hela yake nae kajificha, wamejificha nyumba moja. We fikiria hiyo nyumba tu! Na mjini hapa kila kitu kimesimama, muuza duka, bodaboda, fundi, wote tunasikilizia simu ya mtu mwingine iite meseji ya benki. Nguo zimeshonwa zimening'inia ukutani, wenyewe hawaji kuchukua.

Stelingi awe yule mlinzi wa getini, karudi kwao msimu. Aongee lafudhi yake, mtu asimcheke. Vitenge vifuliwe kwanza kabla ya kupigwa picha, na vipauke mabegani kwa jua. Kama kuna mtu Dar ana kamera na anasoma hapa, nguo nashona mi, vipimo mnitumie, ila hela ya kitambaa inatangulia na nusu ya ufundi inatangulia, maana nyie watu wa muvi nimewasikia.